Zamyatin: Fundi wa meli aliyeandika juu ya mji wa vioo

Miaka ya karibuni vijana wanaopenda kusoma wamegeuza simu zao kuwa baraza la vitabu. Mtu anasoma riwaya usiku, asubuhi anajirekodi dakika moja akieleza kilichomkosesha usingizi, na hata kabla ya magharibi watu wasiomjua wameshaanza kuitafuta riwaya hiyo. Kwa njia hii vitabu vilivyokuwa vimesahauliwa vimefufuka. Mfano unaotajwa sana ni riwaya ya Mbelgiji Jacqueline Harpman ya mwaka 1995, juu ya wanawake waliofungiwa chini ya ardhi bila kuambiwa kosa lao. Ilikuja kupata wasomaji wengi kupitia TikTok zaidi ya miaka 20 baada ya kuandikwa, mwandishi mwenyewe akiwa ameshafariki.

Wengi wanaosoma riwaya za namna hii, zinazosimulia dola za siku zijazo ambamo binadamu amepokonywa uhuru wake, huanza na Mwingereza George Orwell. Sisi huku tunamjua zaidi kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Baada ya hapo msomaji huingia katika riwaya yake ya 1984, iliyochapishwa mwaka 1949. Na akiuliza Orwell mwenyewe alisoma nini kabla ya kuiandika, hufikishwa kwa Mrusi ambaye jina lake huku kwetu halisikiki sana: Yevgeny Zamyatin. Maisha yake yanafaa kusimuliwa, maana alilipa gharama kubwa kwa kitabu kimoja, na kitabu chenyewe kinatuhusu leo kuliko kilivyowahusu watu wa zama zake.

Zamyatin alizaliwa mwaka 1884 katika mji mdogo wa Lebedyan, kusini mwa Moscow. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Orthodox na mwalimu, mama yake mpigaji piano. Alikua mtoto mpweke, rafiki zake wakiwa vitabu. Shuleni alikuwa hodari wa kuandika insha lakini hesabu zilimsumbua, na kwa ukaidi wake akachagua kusomea kazi iliyojaa hesabu: uhandisi wa meli, katika chuo cha ufundi cha St Petersburg, mwaka 1902. Nishani ya dhahabu aliyotunukiwa alipomaliza shule aliiweka rehani kwa rubo 25, na hakurudi tena kuikomboa.

Mwaka 1905 alipanda meli kwa mafunzo ya kazi, akashuka kutoka Odessa hadi Iskandaria. Njiani aliiona Istanbul na misikiti yake, Izmir, Beirut na Port Said, na akakaa takriban wiki moja Jerusalem katika nyumba ya familia ya Mwarabu aliyefahamiana naye. Aliporudi Odessa alikuta mabaharia wa manowari ya Potemkin wameasi. Urusi yote ilikuwa inachemka dhidi ya mfalme wao, na kijana huyu alikuwa ameshajiunga na chama cha Bolshevik. Desemba mwaka huohuo alikamatwa, akatiwa katika chumba cha peke yake kwa miezi kadhaa.

Alipofunguliwa mwaka 1906 alipigwa marufuku kuishi St Petersburg, akaamriwa kurudi kwao Lebedyan. Hakustahimili. Alirudi mjini kisirisiri, akaendelea na masomo huku akijificha polisi, na mwaka 1908 akahitimu. Alianza kufundisha kazi ya kuunda meli, na pembeni akawa anaandika hadithi. Mwaka 1911 polisi walimgundua na kumfukuza mjini mara ya pili. Ni katika uhamisho huo ndipo alipoandika kisa kirefu kilichompa jina, juu ya uzito wa maisha katika miji midogo ya mikoani. Mwaka 1913, ukoo wa kifalme wa Romanov ulipoadhimisha miaka 300 ya utawala, alisamehewa. Mwaka uliofuata alichapisha hadithi iliyowachora wanajeshi wa kambi ya mbali kwa namna isiyowapendeza wakubwa. Toleo la jarida lililoichapisha likakamatwa, naye akapelekwa mahakamani, ingawa aliachiliwa.

Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, serikali ya Urusi ilimtuma Newcastle, Uingereza, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Kwetu sisi tuliozoea bahari ya joto na mafundi wanaopiga kalafati ufuoni, meli hizo ni ajabu. Kaskazini ya Urusi bahari huganda kama jiwe, na meli ya aina hiyo hupanda juu ya barafu kwa omo yake, ikaivunja kwa uzito wake na kuwafungulia wengine njia. Mojawapo ya meli zilizoundwa Newcastle wakati ule, ambayo baadaye iliitwa Krasin, ilikwenda kuwaokoa Waitaliano waliokwama kwenye barafu baada ya chombo chao cha angani kuanguka mwaka 1928. Hadi leo imehifadhiwa St Petersburg kama makumbusho.

Uingereza haikumvutia sana. Aliona watu wenye heshima zao waliopanga kila kitu kwa ratiba, hata kula na kustarehe, na akawaandikia kisa cha dhihaka. Lakini mavazi na adabu zao zilimganda, hata aliporudi kwao Septemba 1917 wenziwe wakawa wanamwita Mwingereza. Wiki chache baadaye Wabolshevik wakatwaa madaraka.

Hapa ndipo mtihani wake ulipoanza. Watu aliokuwa nao gerezani sasa walikuwa ndio serikali. Zamyatin alikuwa ameshaacha chama, ila hakuwa adui wa mapinduzi. Alifanya kazi na mwandishi mashuhuri Maxim Gorky katika shirika la kutafsiri vitabu vya dunia, akahariri tafsiri za H. G. Wells na Jack London, akawafundisha vijana kuandika. Alichokataa ni imani kwamba mapinduzi yamefika mwisho, kwamba ukweli wote umeshapatikana na kilichobaki kwa mwandishi ni kuusifu. Kwake, fasihi ya kweli haiandikwi na makarani watiifu. Alilisema hilo waziwazi katika makala, wakati kusema kulikuwa kunazidi kuwa hatari.

Baina ya mwaka 1920 na 1921 aliandika Sisi. Inahusu dola moja ya karne za mbele, iliyozungushiwa ukuta. Watu hawana majina, wana herufi na namba. Msimulizi ni D-503, mhandisi anayeunda chombo cha kwenda anga za mbali kuwapelekea viumbe wengine furaha ya lazima. Wote huamka saa moja, hutafuna pamoja kwa hesabu, hutembea kwa safu. Mtawala huitwa Mfadhili, na huchaguliwa kila mwaka bila mpinzani, watu wakinyanyua mikono hadharani. Nyumba zote ni za vioo: kuta, sakafu na dari. Pazia hushushwa kwa muda maalumu tu, tena kwa kibali. D-503 anampenda mwanamke anayempinga Mfadhili, anaanza kuota ndoto, na daktari anamwambia kuwa ameota maradhi mabaya: roho. Mwishowe dola inabuni upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza yasiyokuwapo, naye anafanyiwa. Baadaye anakaa kimya akimtazama mwanamke yule akiteswa, wala hasikii chochote moyoni.

Msomaji wa Pwani akifika kwenye zile nyumba za vioo hana budi kusimama kidogo. Nyumba ya Mswahili imejengwa kwa wazo lililo kinyume na hilo kabisa. Mgeni hupokewa barazani au dakani. Milango ya nyumba za kale za Lamu imekaa mkabala wa ukuta ili mpita njia asione ndani, na vyumba vya ndani kabisa ni vya wenyewe. Tunaita sitara. Sitara si kuficha maovu. Ni haki ya mtu kuwa na mahali ambapo hatazamwi. Zamyatin hakulijua neno hilo, lakini alilielewa jambo lenyewe. Alitambua kwamba dola inayotaka kumtawala mtu kikamilifu huanza kwa kumvua sitara, na ikifanikiwa, mtu mwenyewe huanza kuona haya akiwa peke yake.

Wakaguzi wa serikali waliikataa riwaya hiyo. Alichoweza kufanya ni kuwasomea watu kwa mdomo katika mikutano ya waandishi. Mwaka 1922 alikamatwa tena na kutiwa katika gereza lile lile alilofungwa na serikali ya mfalme miaka 16 nyuma, safari hii na watu wa chama alichofungwa kwa ajili yake. Huku kwetu mkasa wa namna hii haushangazi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijitabu cha Kenya: Twendapi?, chini ya serikali ya Uhuru, akatoka na diwani ya Sauti ya Dhiki.

Sisi ilichapishwa kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Kirusi chake kilianza kuonekana mwaka 1927, kwa sehemu, katika jarida la Warusi waliohamia Prague. Miaka miwili baadaye magazeti ya Urusi yakamwandama, yeye na mwenziwe Boris Pilnyak, yakidai wamewauzia maadui vitabu vyao. Wanachama wenzake katika umoja wa waandishi walimhukumu kabla ya kumsikiliza, akajitoa. Vitabu vyake viliondolewa maktabani, tamthilia zake zikashushwa jukwaani, na wachapishaji wakaogopa hata kulitaja jina lake.

Mwaka 1931 alifanya jambo ambalo wachache walithubutu. Alimwandikia Stalin barua. Hakuomba msamaha wala hakukana kitabu chake. Alieleza kwamba kwa mwandishi, kukatazwa kuandika ni sawa na kuhukumiwa kifo, akaomba adhabu hiyo ibadilishwe iwe ya kuondoka nchini pamoja na mkewe, walau kwa muda. Gorky alimwombea. Kwa mshangao wa wengi, Stalin aliridhia. Waandishi wengine wa zama hizo hawakupata bahati hiyo. Pilnyak alikamatwa mwaka 1937 na kuuawa mwaka uliofuata.

Zamyatin na mkewe Lyudmila walifika Paris mwaka 1932. Hakuwa tajiri wala hakuwa na jamaa. Warusi waliokimbia mapinduzi walimwona bado ni wa upande wa pili, kwa kuwa aliendelea kushika pasipoti ya Kisovieti akitarajia kurudi siku moja. Aliishi kwa vibarua vya kuandika, ukiwemo mchango wake katika filamu ya Jean Renoir ya mwaka 1936, iliyotokana na tamthilia ya Gorky. Machi 10, 1937 moyo wake ulisimama, akiwa na miaka 53. Alizikwa Thiais, nje ya Paris, na waliomsindikiza hawakuwa wengi.

Kitabu kiliendelea na safari bila yeye. Orwell alikisoma kwa Kifaransa na kukiandikia uhakiki Januari 1946, miaka mitatu kabla ya kutoa 1984. Kirusi chake kamili kilichapishwa New York mwaka 1952. Nchini mwake hakikuruhusiwa hadi 1988, miaka 51 baada ya kifo chake. Leo Sisi inazungumziwa na vijana ambao hata babu zao hawakuwa wamezaliwa ilipoandikwa, na wanaizungumzia kupitia simu.

Na hapo ndipo penye mtihani wetu. Katika mji wa Zamyatin, vioo viliwekwa na dola na pazia likahitaji kibali. Sisi hatukulazimishwa na mtu. Tunapiga picha chakula kabla ya bismillahi, tunamrekodi mgonjwa kitandani na maiti kabla ya kuzikwa, ugomvi wa mume na mke unafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla haujafika kwa wazee. Kampuni zinazomiliki mitandao hiyo zinajua tunachotazama, saa tunayolala na nani tunamtumia ujumbe. Kiu ya kuonekana imefanya kazi ambayo Mfadhili wa riwayani aliifanya kwa walinzi na sheria.

Sisemi tuitupe mitandao. Bila hiyo, kijana wa Kisauni au Malindi huenda asingelisikia jina la Zamyatin maisha yake yote, na ni jambo la kufurahisha kwamba kitabu kilichonyamazishwa na dola kubwa namna ile kinapata wasomaji kwa dakika moja ya video. Ila tukishakisoma, tukumbuke kwamba mwandishi wake aliacha nyumba yake, lugha yake na kazi yake ya meli ili abaki na chumba kimoja cha ndani ambacho hakuna aliyeweza kumwamuru akifungue. Bibi zetu walikilinda chumba hicho kwa kuta, milango na adabu. Wajukuu zetu watakilinda ikiwa tutawafundisha, tukianza na sisi wenyewe, kwamba kuna mambo ambayo hata yakiwa mazuri hayatolewi nje ya mlango.