Otenyo wa Kisii: Tumsome kwa Kisa au kwa Ushahidi?

Toka mji wa Kisii mpaka Nyamira, jina la Otenyo Nyamaterere limo vinywani mwa wakubwa na wadogo. Habari zake huelezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kisa cha jinai: mkuki, damu na msako. Ya pili ni uchunguzi wa barua na ripoti za serikali. Je, tushike ipi?

Otenyo alikuwa shujaa wa Kitutu. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliua Wagusii zaidi ya 100, na mwaka 1907 G.A.S. Northcote akafungua kituo cha serikali Getembe, ulipo mji wa Kisii. Bibi Moraa, mganga na mwaguzi, aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Adhabu iliwaangukia wote: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu zaidi ya 200 wakauawa. Hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alilalamika kwa maandishi kuwa mauaji yamezidi.

Wako wasimuliaji wanaomwua Northcote pale pale. Kumbukumbu zaonyesha kwamba alipona, akapanda cheo hata akawa gavana wa Hong Kong, 1937 mpaka 1941. Ndiyo sababu mimi hukitanguliza kitabu cha ushahidi, kama kile cha Robert Maxon cha mwaka 1989 juu ya Wagusii na Waingereza.

Walakini ripoti zile ziliandikwa na waliomwinda Otenyo. Kwao yeye ni mhalifu tu. Uchungu uliomsukuma umehifadhiwa na wazee, na mchunguzi mwema huwasikiliza nao pia.

Jambo hili si la kujiburudisha tu. Wazee husimulia kwamba Otenyo aliuawa, akakatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza. Jamaa zake wamedai kirudishwe. Kisa cha kusisimua kitatutoa machozi, lakini hakitafungua kabati la jumba la makumbusho. Kinachoweza kulifungua ni tarehe, daftari la mizigo na sahihi ya aliyepokea.

Basi, kijana wa Gusii, ukienda kununua kitabu, chukua kile kinachokuonyesha kila habari imetoka wapi. Ndicho kitakachokusaidia siku utakapoulizwa uthibitishe.