Bwana Vincent, Baba wa Maskini

Katika kusini ya Ufaransa kuna kijiji kimoja kilichoitwa Pouy, karibu na mji wa Dax. Huko, mwaka 1581, alizaliwa Vincent de Paul. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye watoto sita. Vincent alipokuwa mdogo alichunga kondoo na nguruwe wa baba yake, kama watoto wengine wa kijiji.

Baba yake aliona kwamba kijana ana akili nyepesi, akampeleka shuleni Dax. Baadaye akauza maksai wake wawili ili mwanawe aendelee na masomo. Wenye kujua kulima kwa maksai wataelewa ukubwa wa sadaka ile. Lakini kijana hakuielewa bado. Siku moja baba alifika shuleni kumwona. Alikuwa anachechemea, na nguo zake zilikuwa mbovu. Vincent aliona haya mbele ya wenzake, akakataa kwenda kuzungumza naye. Jambo hili tunalijua kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia alipokuwa mzee, naye alilisimulia kwa uchungu.

Alipewa upadri mwaka 1600, akiwa na miaka 19 tu. Kwa miaka mingi alitafuta kazi yenye faida, apate kula vizuri na kuwasaidia ndugu zake. Alifika Paris, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya mkubwa mmoja tajiri sana. Hapo angaliweza kukaa raha mpaka kufa.

Mwaka 1617 alitumwa kuwa padri wa parokia ya Châtillon, mji mdogo ulio mbali na Paris. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa nguo za Misa, aliletewa habari: nje ya mji kuna nyumba ambamo watu wote ni wagonjwa, hata hapana mmoja wa kumpa mwenzake maji. Akawaambia watu habari hiyo katika mahubiri. Baada ya saa sita akaondoka kwenda kuwaona wagonjwa wale. Njiani alistaajabu. Watu wengi walikuwa wanakwenda, wengine wanarudi, wengine wamekaa chini ya miti kwa sababu ya jua kali. Wote walikuwa wamepeleka vyakula.

Mtu mwingine angalifurahi tu na kumshukuru Mungu. Vincent alifurahi, lakini pia alifikiri. Leo nyumba ile ina mikate na nyama kupita kiasi, vingine vitaoza. Wiki ijayo watu watakuwa wamesahau, na wagonjwa watalala na njaa. Huruma ilikuwako nyingi, ila haikupangwa.

Basi aliwaita wanawake wa mji, wakapatana kuwahudumia wagonjwa kwa zamu, kila mmoja siku yake. Akawaandikia sheria: nani atunze fedha, nani atunze vyombo na nguo, chakula kipikwe namna gani, na mgonjwa atandikiweje kitambaa safi kabla ya kupewa sahani. Tena aliandika kwamba anayepeleka chakula aanze kwa mgonjwa mwenye jamaa, na amalize kwa yule aliye peke yake, apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Sheria hii ni ndogo, lakini ni mtu aliyekaa kando ya vitanda vya wagonjwa tu awezaye kuifikiri.

Vikundi vya namna hii vilienea katika vijiji vingi, halafu vikafika Paris. Huko mambo yalikuwa magumu kidogo. Mabibi wa Paris walitoa fedha nyingi, lakini hawakuzoea kubeba sufuria ya mchuzi na kupanda ngazi za nyumba chafu. Wakawatuma watumishi wao, na watumishi wakafanya kazi ile bila moyo.

Ndipo alipokuja Marguerite Naseau, msichana wa kijiji cha Suresnes. Alikuwa mchunga ng'ombe, wala hakusoma shule. Alinunua kitabu cha herufi, akakaa malishoni nacho, na kila mpita njia aliyejua kusoma alimwuliza: herufi hii ni ipi, na neno hili ni lipi? Hivyo alijua kusoma, kisha akaenda kijiji kwa kijiji kuwafundisha wasichana wengine. Aliposikia kazi ya Bwana Vincent, alijitoa kuwahudumia wagonjwa wa Paris. Alikufa mwaka 1633 kwa ugonjwa wa tauni, kwa kuwa alimlaza kitandani mwake msichana mwenye ugonjwa huo.

Wasichana wengine wa vijijini walimfuata. Louise de Marillac, mjane mwenye elimu, aliwapokea nyumbani kwake mwezi wa Novemba 1633, akawafundisha kusoma, kuuguza na kusali. Huo ndio mwanzo wa Masista wa Upendo. Siku zile masista walikaa ndani ya kuta za nyumba yao, hawakutoka. Hawa walivaa nguo za kijivu kama wanawake wa shamba, wakapita barabarani mchana kutwa.

Katika Paris kulikuwa na nyumba iliyoitwa La Couche. Watoto wachanga waliotupwa usiku milangoni mwa makanisa walipelekwa huko. Kila mwaka walikuwa mamia. Nyumba ilitunzwa na mjane mmoja na watumishi wake. Maziwa hayakutosha. Watoto waliolia walipewa dawa ya usingizi, na wengine waliuzwa kwa fedha kidogo kwa waombaji wa njiani. Karibu wote walikufa.

Mwaka 1638 Vincent na Louise walianza na watoto 12 tu, waliochaguliwa kwa kura, kwa sababu fedha hazikutosha kwa wote. Fikirini kura ile! Mwaka 1640 wakakubali kuwapokea wote. Watoto walipelekwa kwa wanawake wanyonyeshaji wa vijijini, waliolipwa mshahara, na masista walikwenda kuangalia kama mtoto ananenepa au anakonda. Walipokua walifundishwa kusoma na kazi za mikono.

Wakati huohuo vita viliharibu jimbo la Lorraine, watu wakala majani na mizizi. Vincent alikusanya fedha Paris, akampa Bruda Mathieu Regnard azipeleke. Jina la Regnard kwa Kifaransa lasikika kama jina la mbweha, mnyama aliye mwerevu katika hadithi zao kama sungura wa hadithi za jioni. Bruda alificha dhahabu katika mfuko mkuukuu uliopasuka, akaenda kama mwombaji. Alipoona askari au wanyang'anyi, alitupa mfuko kichakani na kurudi baadaye kuuchukua. Alifanya safari zaidi ya 50, wala hakuibiwa hata mara moja.

Lakini vita vilimaliza fedha. Mabibi wa Paris wakachoka, wakataka kuacha kazi ya watoto. Vincent aliwakusanya. Hakuwagombeza. Aliwaonyesha kwamba wao wamekuwa mama wa watoto wale, na sasa wamekaa kama mahakimu: wakitoa fedha, watoto wataishi, wakikataa, watakufa bila shaka. Kisha akawaomba watoe hukumu. Wengi walilia. Kazi haikuachwa.

Katika uzee wake miguu ilivimba, hata hakuweza kutembea. Louise alikufa mwezi wa Machi 1660, naye hakuweza kwenda kumwaga. Tarehe 27 Septemba mwaka ule, kabla ya mapambazuko, Vincent alikufa akiwa ameketi kitini. Siku ya maziko wakubwa wa nchi na maskini wa Paris walijaa pamoja kanisani. Mwaka 1737 Baba Mtakatifu Klementi wa 12 alimtangaza kuwa mtakatifu. Masista wake wameenea katika nchi nyingi, na hata Kongo wapo.