Einthoven, mtu aliyeuchora moyo

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu hospitali. Ni binti wa miaka 17, na alikuwa akipunguza kula kidogo kidogo hadi nguo zote zikawa zinampwaya. Hata kile kidogo alichokula alikwenda kukitapika kwa siri. Nyumbani tulibishana sana. Wapo waliosema ana jini, wapo waliosema ni deko tu.

Daktari hakubishana na mtu. Alimlaza, akambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Akatufahamisha kwamba haya ni maradhi, na kwamba njaa na kutapika humpunguzia mtu madini ya potasiamu. Yakipungua sana, moyo hupoteza mpigo wake na huweza kusimama ghafla. Wa mpwa wangu ulikuwa umeshaanza kwenda polepole mno.

Karatasi ile ndiyo iliyonifanya nimtafute mwanzilishi wake.

Ni Willem Einthoven, Mholanzi, lakini alizaliwa ng'ambo ya bahari yetu hii hii, mjini Semarang katika kisiwa cha Java, mwaka 1860. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki yeye akiwa mdogo. Mwaka 1870 mama, mjane mwenye watoto sita, akawahamishia Utrecht, Uholanzi. Willem alisomea udaktari kwa mkataba wa kwenda baadaye kulitumikia jeshi huko alikozaliwa. Hakwenda, kwani mwaka 1885, akiwa na miaka 25 tu, alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Baadaye kidogo Augustus Waller wa London alionyesha kwamba moyo ukipiga hutoa umeme, na umeme huo hupimika juu ya ngozi. Waller mwenyewe hakudhani jambo hili lingekuwa na kazi kubwa hospitalini. Chombo chake cha zebaki kilikuwa kizito wa kufuata mapigo, kwa hivyo picha zilitoka zimepotoka. Einthoven alikaa miaka akizinyoosha kwa hesabu, na mwaka 1895 akayapa mawimbi yale herufi P, Q, R, S na T.

Kisha akachoka na hesabu, akaunda chombo chake. Hapa ndipo ninapompenda. Alihitaji uzi mwembamba kuliko unywele, na namna ya kuupata ilikuwa kuyeyusha jiwe la kwatsi, kulishikiza kwenye mshale na kuufyatua kwa upinde, ukaenda nao uzi. Uzi ukapakwa fedha, ukatiwa katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ukipita, uzi hutikisika, na kivuli chake hupigwa picha.

Mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikihitaji watu watano kuiendesha na maji ya kuipoza. Mgonjwa alikaa ametia mikono yote miwili na mguu wa kushoto katika ndoo za maji ya chumvi!

Dude kama hilo halibebeki, na hospitali ilikuwa umbali wa kilomita moja na nusu. Mwaka 1905 akaunganisha waya wa simu: mgonjwa akabaki hospitalini, moyo wake ukachorwa maabara. Leo tukisikia matibabu ya mbali tunadhani ni jambo la juzi.

Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Inasimuliwa kwamba alimtafuta fundi wake wa zamani, van der Woerd, wagawane fedha zile. Akakuta fundi ameshakufa, basi nusu akawapa dada zake wawili waliokuwa wakiishi katika ufukara. Einthoven alifariki Septemba 1927.

Mpwa wangu bado anakwenda kliniki, na kula bado ni vita vya kila siku. Karatasi yake ya pili mapigo yamepanda kiasi. Zote mbili nimeziweka kabatini, na herufi za yule Mholanzi daktari alinionyesha mwenyewe kwa kalamu, moja moja.