Oliver Heaviside: Mtu mwenye usikivu hafifu aliyetoa neno linaloamua sauti ya hedifoni

Nyuma ya boksi la hedifoni, liwe limenunuliwa Uvira, Bujumbura au Dar es Salaam, mara nyingi kuna namba ndogo ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuitazama: omu 16, omu 32, wakati mwingine omu 250 au 300. Namba hiyo inaitwa impedansi. Ndiyo inayoeleza kwa nini hedifoni ya bei kubwa inaweza kutoa sauti ya chini kuliko ya bei nafuu zikichomekwa kwenye simu ileile.

Neno hilo lilitungwa mwaka 1886 na Mwingereza Oliver Heaviside, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu, alifanya kazi ya mshahara kwa miaka michache tu, na ambaye tangu utotoni alikuwa akisikia kwa shida.

Mtoto wa Camden Town

Heaviside alizaliwa Mei 18, 1850 katika mtaa wa Camden Town, London, akiwa mdogo wa watoto wanne wa kiume. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya kuchapishwa, na maisha ya familia yalikuwa ya kubana matumizi. Akiwa mdogo aliugua homa ya vipele vyekundu iliyomwachia tatizo la kusikia. Ulemavu huo ulimtenga na watoto wenzake.

Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaendelea kujisomea nyumbani. Bahati yake ilikuwa ukoo: dada wa mama yake aliolewa na Charles Wheatstone, mmoja wa waasisi wa telegrafu nchini Uingereza. Kwa njia hiyo Heaviside alipata kazi katika kampuni ya Denmark iliyoendesha waya wa telegrafu chini ya bahari, akiwa na kituo Newcastle.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 24, aliacha kazi hiyo. Hakuajiriwa tena maisha yake yote. Alirudi kwa wazazi wake, akajifungia chumbani na kitabu kigumu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku. Kutoka humo alitoka na kazi kubwa: milinganyo mingi ya Maxwell aliipunguza ikabaki minne, na ndiyo inayofundishwa vyuoni hadi leo.

Ukinzani unaobadilika

Kabla yake, mafundi walijua ukinzani wa waya, unaopimwa kwa omu. Lakini umeme wa sauti haupiti kama umeme wa betri. Unakwenda mbele na kurudi nyuma mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na koili huupinga kwa kiasi tofauti kulingana na kasi hiyo. Heaviside aliita upinzani huo wote kwa pamoja impedansi.

Ndani ya hedifoni nyingi mna koili ndogo ya waya mwembamba. Ndiyo maana namba ya kwenye boksi ni makadirio tu. Hedifoni iliyoandikwa omu 300 inaweza kupanda zaidi ya hapo kwenye sauti za besi, kisha ikashuka kwenye sauti nyingine.

Kwa msikilizaji wa nyumbani, hesabu ni rahisi. Kifaa kinachotoa volti 1 huipa hedifoni ya omu 32 takriban miliwati 31. Volti hiyohiyo kwenye hedifoni ya omu 300 hutoa miliwati 3 na kidogo tu, yaani karibu mara kumi pungufu. Hapo ndipo amplifaya inapohitajika, kwa kuwa inaongeza volti ambazo simu haina.

Hata hivyo, impedansi peke yake haitoshi. Kuna pia wepesi wa hedifoni kuitikia, unaoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati. Hedifoni ya omu 32 isiyoitikia kwa wepesi inaweza kuhitaji nguvu zaidi kuliko ya omu 250 inayoitikia vizuri. Mnunuzi anapaswa kusoma namba zote mbili.

Jambo la tatu ni impedansi ya amplifaya yenyewe pale hedifoni inapochomekwa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba impedansi ya hedifoni iwe angalau mara nane ya hiyo. Amplifaya ya omu 2 inaifaa hedifoni ya omu 16 na kuendelea. Lakini redio kubwa za zamani, ambazo baadhi zina zaidi ya omu 100 kwenye tundu la hedifoni, zinaweza kuvuruga uwiano wa sauti za hedifoni ya omu 32, besi ikavimba kupita kiasi.

Kwa nyumba ambayo umeme hukatika, au inayotegemea sola na betri, hedifoni ya omu 16 hadi 32 inayoitikia kwa wepesi ndiyo chaguo salama. Simu inaitosha. Ya omu 250 au 300 ina maana kwa mwenye amplifaya na umeme wa kuiendesha.

Mgogoro na wakubwa wa posta

Heaviside mwenyewe hakuwa akishughulika na hedifoni bali nyaya ndefu za simu, ambako sauti ilifika imeharibika kwa sababu tuni za juu na za chini hazikusafiri sawasawa. Mwaka 1887 alionyesha kwa hesabu kwamba kuongeza koili kwenye waya kungesafisha sauti.

William Preece, mtaalamu wa umeme wa idara ya posta ya Uingereza, aliamini kinyume chake. Makala ambayo Heaviside aliiandaa na kaka yake Arthur, mtumishi wa posta, ilizuiwa. Mwaka huohuo, mfululizo wa makala zake katika jarida la The Electrician ulisitishwa.

Heaviside hakuwa amekata hataza. Nchini Marekani, Michael Pupin alipata hataza ya koili hizo mwaka 1900, na kampuni ya simu ya AT&T ikainunua kwa fedha nyingi. Inaelezwa kwamba Heaviside aliahidiwa malipo, akakataa kwa kuwa hayakuambatana na kutambuliwa kwamba wazo lilikuwa lake.

Tabaka lililobeba redio

Mwaka 1902 aliandika kwamba huenda juu angani kuna tabaka linalopitisha umeme, lenye uwezo wa kurudisha mawimbi ya redio ardhini. Mmarekani Arthur Kennelly alitoa wazo kama hilo mwaka huohuo.

Wakazi wa milima ya Mulenge na Itombwe wanajua faida yake hata kama hawajui jina lake. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka na huzuiwa na milima iliyo magharibi mwa Uvira. Mawimbi mafupi hupanda, hugonga tabaka za angani na kushuka upande wa pili. Ndivyo matangazo ya Kiswahili kutoka London yalivyoanza kuwafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki mwaka 1957.

Miaka ya mwisho

Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1891, akapewa pensheni ya serikali ya pauni 120 kwa mwaka kuanzia 1896, na mwaka 1922 akawa wa kwanza kupokea Nishani ya Faraday. Lakini aliishi peke yake Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, akisumbuliwa na madeni na akiwashuku majirani.

Desemba 1924, Edward Appleton na Miles Barnett walithibitisha kwa majaribio kuwa tabaka la angani lipo. Wiki chache baadaye Heaviside alianguka kutoka kwenye ngazi. Alifariki Februari 3, 1925 akiwa na miaka 74, na kuzikwa Paignton pamoja na wazazi wake.

Usikivu aliopoteza kwa ugonjwa, wengi leo wanaupoteza kwa hiari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80. Amplifaya yenye nguvu huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na masikio yakishaharibika kwa kelele hayarudi.