Aniceti Kitereza, Mtunzi Aliyengoja

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, akasomeshwa na Mapadre Weupe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke walioshikamana ingawa walisimangwa kwa kukosa mtoto. Kwa kuwa wasomaji wa lugha hiyo ni wachache, hakupata mchapaji. Uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikapigwa chapa, lakini alifariki mwaka 1981 kabla hajaitia mkononi.

Basi, jamaa za Iringa na Mbeya, ukumbusho wake na uadhimishwe kwa kuisoma hadithi hiyo kwa sauti na kuiigiza shuleni na parokiani. Tena vijana na waandike masimulizi ya Kihehe, Kisafwa na Kinyakyusa, kabla wazee hawajaondoka nayo.