Maisha ya Marehemu Peter Mbiyu Koinange na Shule Iliyojengwa na Wazazi

Kwa Wanachama na Wazee wetu,

Ni desturi ya taarifa yetu ya kila mwaka kuweka, baada ya hesabu za Chama, maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututangulia, ili walio hai wapate kupima mwendo wao. Safari hii tumemchagua Marehemu Peter Mbiyu Koinange. Huenda baadhi ya wazee wakauliza kwa nini tumekwenda hadi Kiambu na hali Pwani haina upungufu wa watu wake. Jawabu letu ni kwamba Marehemu alipata sehemu ya elimu yake hapa Mombasa, na kwamba kazi kubwa ya maisha yake yahusu jambo ambalo sisi wa Mkomani hulizungumza barazani kila muhula unapofunguliwa, yaani mzazi aipe shule nini, na akishatoa, shule hiyo ni ya nani.

Alizaliwa Kiambaa, katika wilaya ya Kiambu, mwaka 1907. Baba yake alikuwa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, mzee ambaye hakupata elimu ya shule lakini aliithamini kuliko wengi walioipata. Mzee huyo hakuona tabu kumpeleka mwanawe mbali na nyumbani. Kijana Mbiyu alikuja kusoma katika Shule ya Buxton, kisiwani Mombasa, shule ya misheni ya CMS. Misheni hiyo ndiyo iliyoanzisha Freretown mwaka 1875, jirani yetu hapa, kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Shule ya Alliance ilipofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926, Mbiyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka 1927 akavuka bahari kwenda Marekani, akasoma Hampton katika Virginia, kisha Ohio Wesleyan, na baadaye Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, ambako alipata shahada ya pili. Akapitia na Cambridge, Uingereza, kabla ya kurejea nyumbani mwaka 1938. Hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupata shahada ya namna hiyo.

Yafaa tueleze hali aliyoikuta. Mwaka 1929 palizuka mgogoro mkubwa katika nchi ya Wakikuyu baina ya misheni na wazazi juu ya tohara ya wasichana, na wazazi wengi wakawatoa watoto wao katika shule za misheni. Hawakuwatoa ili wakae bure. Walijenga shule zao wenyewe, wakaunda na vyama vya kuzisimamia. Kimoja kikijulikana kwa herufi za KISA, na kingine kikiwa cha shule zilizoitwa Karing'a. Nyumba za shule zilipatikana, na watoto walikuwapo tele. Kilichokosekana ni walimu waliofundishwa kazi. Wazazi walikuwa wamejitwisha mzigo ambao kichwa chake walikiweza, lakini miguu yake bado.

Mbiyu, pamoja na baba yake na viongozi wa shule hizo, wakaazimia kuanzisha chuo cha kufundishia walimu. Chuo hicho kilifunguliwa Githunguri mwezi wa Januari, 1939, na Mbiyu akawa mkuu wake. Kwa jina kilikuwa chuo cha walimu, lakini kwa kuwa haja ilikuwa kubwa kilipokea watoto wa madarasa ya chini pia, kikakua hadi kuwa na masomo ya sekondari.

Sasa twafikia habari tuliyoitaka hasa. Fedha zilitoka wapi? Serikali haikukijenga chuo kile, wala hakuna tajiri mmoja aliyekibeba. Mbiyu, ijapokuwa alikuwa mtu wa shahada za ng'ambo, hakuanza na mambo ya ng'ambo. Aliangalia watu wake wamepangwaje, akaona wamepangwa kwa marika. Neno hili si geni hapa Pwani, maana ndugu zetu Wamijikenda nao wana rika zao. Kila rika lilitakiwa lilete fungu lake, na fungu hilo lilijulikana kuwa ni la rika fulani. Waliotahiriwa mwaka mmoja hawakutaka kushindwa na wadogo wao, na wadogo hawakutaka kuambiwa kwamba wameshiba jasho la wakubwa. Michango ilitoka hata kwa vibarua waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya walowezi Bonde la Ufa, mbali na Githunguri. Hivyo mtu hakutoa kwa kuogopa kudaiwa peke yake. Alitoa kwa heshima ya wenzake.

Akina mama nao hawakuachwa nyuma. Walipoona kwamba wasichana wa chuo hawana mahali pa kulala panapostahili, waliichukua kazi ya bweni la wasichana kuwa yao. Walikusanyana, wakachangishana mahali hadi mahali, na bweni likasimama. Twaomba wazee wetu walitie jambo hili maanani. Siku hizo wanawake hao hawakuwa na kiti katika baraza lolote la Serikali, na wengi wao hawakuwa wamepata kushika kalamu. Lakini waliona upungufu ambao wanaume, katika hesabu zao za mawe na mbao, hawakuupa nafasi ya kwanza.

Hata hivyo hatungekuwa waaminifu kama tungesimulia mema matupu. Mwaka 1946 Bwana Jomo Kenyatta alirejea kutoka Uingereza, na mwaka uliofuata akashika uongozi wa chuo, Mbiyu naye akaenda Uingereza. Michango iliendelea kukusanywa katika mikutano mikubwa, fedha zikipita katika mikono mingi. Manung'uniko yakasikika juu ya hesabu. Hatusemi kwamba fulani alikula. Si kazi yetu. Twasema tu kwamba mchango unaopokelewa kwa shangwe huhitaji daftari kama vile mchango unaopokelewa kwa kimya, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shaka ikiingia, mtoaji hufunga mkono, na anayeumia si mtunza fedha bali ni mtoto aliye darasani.

Kisha likaja pigo kubwa zaidi. Mwaka 1951 Mbiyu alitumwa na chama cha KAU kwenda Uingereza, pamoja na Bwana Achieng Oneko, kupeleka malalamiko ya Waafrika juu ya ardhi. Angali huko, Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, 1952. Shule za KISA na za Karing'a zikafungwa, na chuo cha Githunguri pia. Mahali palipojengwa kwa senti za wajane na vibarua pakageuzwa kuwa mahali pa kuwafungia na kuwanyongea watu. Chifu Mkuu Koinange alitiwa kizuizini katika uzee wake, akafariki mwaka 1960. Mbiyu mwenyewe hakuweza kurejea. Alikaa Uingereza, akaandika kijitabu cha Kiingereza kilichochapwa Marekani mwaka 1955, ambamo alieleza jinsi watu wake walivyojijengea shule. Baadaye alikwenda Ghana kufanya kazi na Dakta Nkrumah. Mkutano wa Lancaster House ulipoitishwa London mwaka 1960, wajumbe wa Kiafrika walimtaka awe mshauri wao, na ubishi juu ya kuingia kwake ukauchelewesha mkutano.

Basi wazazi wa Githunguri walipoteza kila kitu kwa siku chache. Walikuwa na mawe, walikuwa na nia, walikuwa na watoto. Sheria ya nchi haikuwapa haki yoyote wazazi wale juu ya kile walichokijenga.

Uhuru ulipopatikana, Mbiyu akawa waziri, na mwishoni mwa mwaka 1964 akapewa Wizara ya Elimu, aliyoishika hadi mwaka 1966. Hapo mambo yalimgeukia kwa namna ya ajabu. Nchi nzima ilikuwa imeshika wito wa Harambee, na kila tarafa ilitaka sekondari yake. Mwaka 1963 Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi wapatao 30,000. Kufikia mwaka 1970 shule zilizidi 700, nyingi zao zikiwa zimejengwa na wananchi. Wazazi walijenga kwanza, kisha wakaja kuiomba Serikali walimu. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Ominde, ambayo ilitoa taarifa zake katika miaka 1964 na 1965, ilionya kwamba nyingi ya shule hizo zilianzishwa bila mpango na bila walimu wa kutosha. Yule aliyekuwa amekusanya fungu la kila rika sasa alikaa upande wa pili wa meza, akitakiwa kupima fungu la Serikali lisilotosha kila mlango uliobishwa. Twadhani hakuna waziri aliyejua zaidi yake uzito wa maombi yale.

Baada ya Wizara ya Elimu alikuwa Waziri katika Ofisi ya Rais hadi Mzee Kenyatta alipofariki mwaka 1978. Katika miaka hiyo ya nguvu alipata wenye kumsifu na wenye kumlaumu, na lawama nyingine zilikuwa nzito. Alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1979, akafariki mwezi wa Septemba, 1981.

Wanachama, habari hizi zatufaa nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imetupa kile ambacho wazazi wa Githunguri hawakuwa nacho. Kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule ile, na wawakilishi wa chama hicho huingia katika Bodi ya shule. Sheria yasema kwamba karo ya masomo haitozwi katika shule ya umma. Kwamba mchango mwingine wowote sharti upate idhini. Kwamba mtoto hazuiliwi kuingia darasani kwa sababu mzazi wake hakuweza kulipa. Na kwamba asipokee mtu mchango bila kutoa stakabadhi rasmi. Mambo haya si hisani ya mwalimu mkuu, ni haki.

Lakini haki isiyohudhuriwa ni kama mashua iliyofungwa gatini, maji yakijaa na yakipwa haiendi popote. Mkutano wa wazazi unapoitishwa siku ya Jumamosi, wengi wetu huwa kazini, na wengine huona kwamba tukishalipa tumemaliza. Wazazi wa Githunguri hawakuona hivyo. Walitoa, wakaenda kutazama, na akina mama walipotazama wakaona kisichokuwapo. Mzazi asiye na shilingi aweza kutazama. Mzee ambaye watoto wake wamekwisha kumaliza shule aweza kuuliza daftari liko wapi. Kijana aliyesomeshwa na mtaa huu aweza kukusanya rika lake la shule, waliokaa darasa moja, wakachukua jambo moja dogo wakalimaliza.

Twawasihi basi kwamba mwaka unaokuja kila mwanachama mwenye mtoto shuleni ahudhurie mkutano wa darasa la mwanawe, aitake stakabadhi yake kwa adabu, na aihifadhi. Na akina mama wakisema kwamba kuna jambo limepungua, wasikilizwe kwanza.

Mungu amrehemu Marehemu, na awarehemu wale wasiojulikana majina waliolijenga bweni.