Miles Davis, mupiga tarumbeta aliyejua kunyamaza

Tarumbeta inatengenezwa na shaba na zinki. Wale waliofanya kazi Kipushi wanajua vizuri kama hivi vitu viwili vinatoka ndani ya shimo moja. Ukiviyeyusha pamoja kwa moto, unapata ile chuma ya manjano inayongaa, ile ya fanfari za paroisi zetu. Leo tunapenda kuzungumuza juu ya mutu mumoja aliyeishi na hiki chombo ku mudomo tangu utoto mupaka uzee. Watu wengi walipika tarumbeta kwa nguvu kumupita. Yeye alijua kitu kingine: kutosha.

Miles Davis alizaliwa tarehe 26 Mei 1926 ku Alton, katika jimbo la Illinois, Marekani, pembeni ya muto Mississippi. Bado mudogo, familia ikahamia East St. Louis, muji wa viwanda na reli. Hakuwa mutoto wa masikini. Baba yake alikuwa munganga wa meno, tena alikuwa na shamba kubwa. Lakini Marekani ya wakati ule mutu mweusi, hata mwenye franga, alikuwa na mipaka yake. Mu 1917, miaka tisa mbele azaliwe, watu weusi wengi waliuawa ndani ya muji ule ule, na wazee walikuwa bado wanaihadisia watoto.

Alipofikisha miaka 13, baba akamupatia tarumbeta. Mwalimu wake, Elwood Buchanan, alimukataza kutetemesha sauti sawa vile wengi walikuwa wanafanya. Alitaka sauti itoke yenye kunyooka. Ile fundisho haikumutoka tena.

Mu 1944 alienda New York kusoma muziki ku masomo ya Juilliard. Kusema kweli, masomo yake ya kweli ilikuwa ya usiku, ku mabaa, nyuma ya Charlie Parker na Dizzy Gillespie. Wale wawili walikuwa wanapika mbio na juu sana. Kijana Miles alijaribu kuwafuata, akaona pumzi na vidole havifiki kule. Njo pale alitafuta njia yake: sauti kidogo, zenye kuchaguliwa moja moja, na katikati yao, kimya.

Tusifiche mambo mabaya. Kisha kurudi kutoka Paris mu 1949, aliingia ndani ya madawa ya kulewesha. Ilimukamata karibu miaka ine. Madeni, uongo, kazi kupotea, hata tarumbeta kuiweka rehani. Mwishoni alirudi kwa baba yake, ku shamba, akajifungia ndani ya chumba mupaka maumivu yakapita. Kama kuna mama ao baba anayesoma hapa na ana mutoto katika hali ile, ajue kama ule mulango wa baba haukufungwa, na mutoto alitoka. Mu 1954 alikuwa amerudia kazi. Ubaya mwingine hakuutosha: alikuwa anapiga wanawake wake, na yeye mwenyewe alikubali jambo hilo ndani ya kitabu cha maisha yake. Muziki muzuri haiwezi kufuta ile.

Mu 1959 akatoa Kind of Blue, diski iliyojulikana dunia nzima. Ndani ya kitabu kile alieleza kama aliona wachezaji wa Guinea, wa Ballets Africains, akasikia ile chombo ya vidole tunayoita likembe ao kisanji, na alitafuta kuisogelea. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule, alikuwa anapumzika inje ya baa ya Birdland, jina lake likiwa limeandikwa juu ya mulango. Polisi akamwambia atoke pale. Akakataa, juu ilikuwa mahali pake pa kazi. Wakamupiga ku kichwa mupaka nguo ikajaa damu.

Tufike sasa mu 1969. Alikuwa na miaka 42. Vijana walikuwa wameacha jazz, walikuwa wanasikiliza Jimi Hendrix, Sly Stone na James Brown, na diski zake hazikuuzika tena sawa zamani. Katika kambi zetu tunajua ile umri. Wengi wetu tuliambiwa, na miaka 40 na kitu, kama kazi tuliyojua imeisha. Kweli, Miles hakufukuzwa na mutu. Jina alikuwa nalo, angeweza kula nalo mupaka uzee. Lakini alikubali kuwa mwanafunzi tena.

Tarehe 18 Februari 1969 aliingia studio ku New York na vijana. Watatu walikaa ku piano za umeme na orga: Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul, ule wa mwisho mutu wa Vienna, Austria. Wayne Shorter alikuwa na saksofoni, Dave Holland ku besi, Tony Williams ku ngoma. Gitari ilikuwa ya John McLaughlin, Mwingereza aliyefika Marekani siku kidogo tu mbele.

Zawinul alileta wimbo wenye akordi mingi. Miles akazitosha karibu zote, akabakisha melodi juu ya sauti moja ya chini inayokaa pale pale. Kwa McLaughlin alimuomba apike sawa mutu asiyejua gitari. Kijana aliogopa, vidole vikaenda polepole, na ule woga njo unaosikia mwanzoni mwa ule wimbo, mupole sana. Tony Williams, aliyeweza kupika ngoma sawa radi, sehemu kubwa anabakia ku sahani tu, sawa mvua ndogo juu ya manjanja.

Kisha watu kurudi ku nyumba, kazi ilikuwa bado. Teo Macero, aliyesimamia diski, alikata ile bendi ya kurekodia kwa wembe pamoja na Miles. Walitupa sehemu mingi. Mwanzo wa wimbo wakaurudisha mwishoni, kipande kile kile, bila kuupika tena. Ni sawa vile tunaosha minerai ku muto: udongo inaenda na maji, jiwe inabakia ndani ya mikono. Ilibakia karibu dakika 38, upande moja moja na kipande chake. Wakaiita In a Silent Way, na ikatoka mwezi wa saba wa 1969.

Wapenzi wengine wa jazz walisema amewauza kwa umeme. Wengine walisikia mulango umefunguka. Miaka karibu 20 nyuma, vijana wa Uingereza na Marekani walianza kuchanganya mashine za umeme, jazz na gitari zinazokaa hewani sawa ukungu wa asubuhi. Wengi wao walipita ku ule mulango.

Yeye aliendelea kubadilika. Mu 1975 mwili ulichoka, akaacha. Mu 1981 akarudi. Mu 1991 Ufaransa ilimupatia médaille ya Légion d'honneur. Alikufa tarehe 28 Septemba mwaka ule, ku Santa Monica, na miaka 65. Siku zile kwetu pillage ilikuwa imeanza Kinshasa, na karibu ingefika Katanga. Nani angelia mupiga tarumbeta wa mbali?

Tunamulilia leo, na kuchelewa. Ukipata ile diski, ngojea usiku, watoto wamelala, na aliyetoka ku zamu ameoga. Weka sauti chini. Pale tarumbeta itakaponyamaza, usifikiri courant imekatika. Ngojea kidogo. Itarudi.